Aaron Copland: Mtunzi aliyesimamisha kazi kubwa ili kuwaandikia wanafunzi

MWISHONI mwa mwaka wa 1938, mtunzi Aaron Copland alikuwa na kazi tele mezani. Muziki wake wa baleti kuhusu jambazi Billy the Kid ulikuwa umechezwa mjini Chicago Oktoba 16 mwaka huo kwa piano mbili tu, na sasa ilimbidi aupange upya kwa ajili ya okestra nzima.

Hata hivyo, alizisukuma kando karatasi hizo na kuanza kuandika kitu kingine kabisa. Hakikuwa simfoni, wala hakikuombwa na ukumbi mashuhuri. Kilikuwa kipande cha ufunguzi cha dakika tisa hivi, chenye furaha na shangwe, kilichokusudiwa kuchezwa na okestra ya wanafunzi wa shule ya upili.

Kazi hiyo aliipa jina An Outdoor Overture, yaani muziki wa ufunguzi wa uwandani. Ilichezwa kwa mara ya kwanza Desemba 16, 1938, na vijana ambao wengi wao hawakuwa wametimiza hata miaka 18.

Uamuzi huo unaeleza mengi kuhusu mtu huyu kuliko tuzo zote alizopokea baadaye. Copland alikuwa tayari amekomaa, akiwa na umri wa miaka 38, na katika nyanja aliyofanyia kazi watunzi walipimwa kwa ugumu wa kazi zao. Aliyewaandikia watoto alionekana kama fundi wa jumba la kifahari aliyekubali kujenga banda.

Aaron Copland alizaliwa Novemba 14, 1900 katika mtaa wa Brooklyn, New York, akiwa kitindamimba katika familia ya watoto watano. Wazazi wake, Harris na Sarah Copland, walikuwa Wayahudi ambao asili yao ilikuwa maeneo ya Lithuania yaliyotawaliwa na himaya ya Urusi.

Babake alikuwa mfanyabiashara. Duka lake lilikuwa kwenye makutano ya barabara za Washington na Dean, na familia ikaishi orofa ya juu ya duka hilo hilo. Mamake alilelewa katika majimbo ya Illinois na Texas kabla ya kuhamia New York, jambo ambalo wengi husahau wanaposhangaa jinsi kijana wa Brooklyn alivyokuja kuandika muziki wa wachunga ng'ombe wa magharibi mwa Marekani.

Nyumbani kwao hapakuwa na mwanamuziki wa kulipwa. Dada yake, Laurine, ndiye aliyempa masomo ya kwanza ya piano. Wazazi walikuwa wamekwisha kuwalipia watoto wakubwa masomo ya aina hiyo bila kuona matunda makubwa, kwa hivyo kitindamimba alilazimika kujitafutia mwalimu mwenyewe. Alipata mmoja, Leopold Wolfsohn, na kutoka hapo hakurudi nyuma.

Kufikia umri wa miaka 15, alikuwa ameamua kuwa mtunzi. Kuanzia mwaka wa 1917 alifunzwa na Rubin Goldmark, mwalimu makini aliyempa msingi imara wa kanuni za utunzi lakini ambaye hakupendezwa na muziki mpya uliokuwa ukitoka Ulaya. Kijana huyo aliusoma kisirisiri, na hamu yake ikazidi.

Mnamo 1921 alivuka bahari na kwenda Ufaransa, ambako shule mpya ya muziki ya Wamarekani ilikuwa ikifunguliwa Fontainebleau. Hapo alikutana na mwanamke aliyebadilisha maisha yake. Nadia Boulanger hakuwa na jina kubwa nje ya Ufaransa wakati huo, na wazo la mwanamume kwenda kujifunza utunzi kwa mwanamke liliwashangaza wengi. Copland alikwenda hata hivyo, akakaa naye mjini Paris kwa miaka mitatu.

Boulanger alimfunza jambo moja ambalo lingekuja kumfaa mno alipowaandikia wanafunzi: kutoweka noti yoyote isiyokuwa na kazi. Kila mstari ulipaswa kusikika, na kila ala ilipaswa kuwa na sababu ya kuwepo. Wapo watunzi wanaojaza ukurasa mpaka ukawa mweusi kwa wino, lakini kurasa za Copland zilikuwa na nafasi tupu nyingi.

Alirejea nyumbani 1924. Mwalimu wake alikuwa amealikwa kucheza kinanda cha kanisani katika matamasha ya Marekani, akamwomba mwanafunzi wake amwandikie simfoni ya ala hiyo pamoja na okestra. Ilichezwa New York Januari 11, 1925 chini ya uongozi wa Walter Damrosch.

Damrosch aligeukia hadhira baada ya kipande hicho kumalizika na kutania kwamba kijana mdogo kiasi hicho akiweza kuandika muziki wa namna ile, basi miaka mitano ijayo atakuwa tayari kuua mtu. Watu walicheka, lakini mzaha huo ulisambaa na kumfuata mtunzi kwa miaka mingi.

Aliyemwokoa alikuwa Serge Koussevitzky, mzaliwa wa Urusi aliyekuwa kiongozi wa okestra ya Boston. Mwaka baada ya mwaka alizipa kazi za Copland nafasi katika matamasha yake, zikiwemo zile zilizotumia midundo ya jazi, ambazo baadhi ya wasikilizaji wa Boston waliziona kama matusi ukumbini.

Ilipofika 1930, Copland aliandika Piano Variations, kazi kavu na kali kama jiwe. Wataalamu waliisifu, ila watu wa kawaida hawakujua la kuifanyia.

Hapo ndipo swali zito lilipomkabili. Uchumi wa Marekani ulikuwa umeporomoka kuanzia 1929, mamilioni ya watu hawakuwa na ajira, na katika mazingira hayo mtunzi aliyewaandikia watunzi wenzake peke yao alianza kuonekana kama mtu anayejisemea mwenyewe chumbani. Wakati huo huo, redio na gramafoni zilikuwa zimeunda hadhira mpya kabisa ya watu ambao hawajawahi kukanyaga ukumbi wa matamasha. Copland alihisi kwamba kuipuuza hadhira hiyo lilikuwa kosa.

Safari ya Mexico mwaka wa 1932, alikoalikwa na rafiki yake Carlos Chávez, ilimfungulia mlango. Alitembelea ukumbi wa dansi wa watu wa kawaida, akasikiliza nyimbo zao, na baada ya miaka kadhaa akakamilisha El Salón México, kazi iliyochezwa na Chávez mjini Mexico City mwaka wa 1937. Kwa mara ya kwanza umma ulimpigia Copland makofi bila kuambiwa na mtu kwamba anastahili.

Mwaka huo huo alifanya jambo jingine ambalo halikutajwa sana wakati huo. Pamoja na mshairi Edwin Denby, alitunga mchezo wa kuigiza na kuimba kwa ajili ya wanafunzi wa shule za upili, The Second Hurricane, unaohusu vijana wanaojitolea kwenda kusaidia waathiriwa wa kimbunga na kujikuta wenyewe wamekwama. Ulionyeshwa Aprili 1937 katika kituo cha Henry Street, eneo la wahamiaji na maskini kusini mwa Manhattan. Mwongozaji wa jukwaa alikuwa kijana wa miaka 21 aitwaye Orson Welles, ambaye baadaye angekuwa gwiji wa filamu.

Mchezo huo haukudumu jukwaani, lakini matunda yake yalionekana mbali. Katika kiangazi cha 1938, Copland alimtembelea mtunzi Mwingereza Benjamin Britten nyumbani kwake Snape, akaupiga wote kwa piano huku akiimba sehemu zote mwenyewe. Britten, ambaye baadaye aliandika kazi nyingi za watoto, alivutiwa mno.

Na huko New York, mtu mwingine alikuwa ameusikia. Huyu alikuwa Alexander Richter, mkuu wa idara ya muziki katika shule ya High School of Music and Art.

Shule hiyo inahitaji kuelezwa kidogo. Ilianzishwa mwaka wa 1936 na meya wa jiji, Fiorello La Guardia, mwanasiasa mfupi wa kimo, mwana wa wahamiaji, ambaye babake alikuwa mwanamuziki wa bendi ya jeshi. Alitaka watoto wenye vipawa vya muziki na uchoraji wasome bila malipo, bila kujali walitoka mtaa gani. Jengo lake lilisimama juu ya kilima eneo la Harlem, likiwa na minara kama ya ngome, na wanafunzi waliliita kasri la kilimani. Walifika hapo kutoka pembe zote za jiji, wengine wakibeba ala kubwa kuliko miili yao ndani ya gari moshi la chini ya ardhi.

Richter alikuwa na malalamiko ya haki. Okestra za shule zilicheza nini? Zilicheza kazi za Wazungu waliokufa zamani, zilizopunguzwa makali ili ziweze kuchezeka, au vipande vyepesi vilivyotungwa na watu wasiojulikana kwa madhumuni ya kuuza karatasi. Mwanafunzi wa Marekani angeweza kumaliza shule bila kucheza hata ukurasa mmoja ulioandikwa na mtunzi hodari wa nchi yake aliyekuwa hai.

Kwa hivyo alianzisha kampeni ya kuwapatia vijana wa Marekani muziki wa Marekani, na akamwendea Copland ili aifungue. Masharti yake yalikuwa machache. Kipande kiwe na sehemu moja tu, kisipungue dakika tano wala kuzidi 10, kiwe na matumaini, na kiwavutie vijana.

Copland aliona hoja hiyo haipingiki. Alimweka Billy the Kid kando, na wiki chache baadaye akampigia Richter rasimu kwa piano. Mwalimu huyo alitamka kwamba aliposikiliza alihisi hewa ya nje, ya mahali pa wazi. Kutokana na maneno hayo jina la kazi likapatikana. Wanaodhani kwamba ni muziki wa kuchezewa bustanini wanakosea, kwa sababu ulitungwa uchezwe ndani ya ukumbi wa shule.

Kazi yenyewe inaanza kwa mwendo wa taratibu na wenye fahari. Okestra yote inasimama wima, kwa namna ya kusema, na kutangaza wimbo mpana unaopanda juu kwa hatua kubwa. Kisha kelele hiyo inatulia, na tarumbeta moja inabaki peke yake ikiimba wimbo mrefu, huku ala za nyuzi zikidonolewa kwa vidole chini yake.

Hapa Copland alichukua hatari ya makusudi. Kumpa kijana wa miaka 15 au 16 wimbo mrefu wa tarumbeta pasipo mahali pa kujificha si jambo dogo. Pumzi ikimwishia, ukumbi wote utajua. Mtunzi mwoga angemwekea tarumbeta ya pili ya kumsaidia, au angeufunika wimbo huo kwa sauti za ala nyingine. Copland hakufanya hivyo. Aliuweka wimbo kwenye sauti za katikati, mahali ambapo mdomo wa mwanafunzi hauchoki haraka, na kumwachia wengine.

Baada ya hapo mwendo unabadilika na kuwa wa kasi. Unatokea wimbo wa noti zinazorudiwarudiwa, kisha mwingine ulio kama gwaride lenye ucheshi, na ghafla kila kitu kinakatika. Katika ukimya huo filimbi inaleta wimbo wa tatu, wa upole, inaupokeza kwa klarineti, kisha fidla zinauchukua juu kabisa. Mwishoni nyimbo hizo zinakutana na kuchezwa pamoja, na fahari ya mwanzo inarejea kufunga kazi.

Mtu anayezitazama karatasi za kila mchezaji huona ujanja wa mwalimu. Hakuna kikundi kilichoketi bure kikihesabu mapigo mpaka mwisho. Wapiga fidla wana kazi, tromboni zina kazi, hata mpiga piano ana wakati wake. Ugumu wa vidole ni wa wastani. Ugumu halisi umo katika kuhesabu, kwani mikazo ya midundo huangukia mahali ambapo sikio halikutarajia, na okestra ambayo wachezaji wake hawasikilizani husambaratika katika kurasa chache za kwanza.

Kwa maneno mengine, Copland hakuwapunguzia vijana muziki. Alipunguza vikwazo vya mikono pekee. Mtunzi mwenzake Elliott Carter, ambaye hakuwa mwepesi wa kusifu, aliandika wakati huo kwamba ukurasa wa mwanzo wa kazi hii ulikuwa miongoni mwa vitu bora vilivyotungwa na watunzi wa zama zake. Okestra za watu wazima nazo zikaanza kuucheza, na mnamo 1942 Copland mwenyewe aliongoza bendi ya Goldman katika toleo alilolipanga kwa ajili ya ala za kupuliza. Tangu hapo bendi za shule na vyuo nchini Marekani hazijauacha.

Kuna wanaosema kwamba kipande hiki ni kidogo kikilinganishwa na kazi zake zilizofuata. Hilo ni kweli kwa urefu. Ila anayezisikiliza kazi hizo baadaye hugundua kwamba ile sauti ya mahali pa wazi, nyimbo zenye hatua pana na tarumbeta iliyo peke yake, ilikuwa imekwisha kujaribiwa mbele ya wanafunzi wa Harlem.

Zilizofuata zilikuwa nyingi. Vita Vikuu vya Pili vya Dunia vilipoifikia Marekani, Copland aliandika Lincoln Portrait mwaka wa 1942, ambamo msomaji husoma maneno ya Rais Abraham Lincoln huku okestra ikicheza. Kiongozi wa okestra ya Cincinnati, Eugene Goossens, alipowaomba watunzi 18 kila mmoja aandike wito mfupi wa matarumbeta, wengi waliwatolea wanajeshi wa vikosi mbalimbali. Copland alimtolea wake mtu wa kawaida, yule anayefanya kazi na kulipa kodi bila kupewa nishani. Fanfare for the Common Man ilichezwa Machi 12, 1943, na katika orodha yote ile ndiyo pekee inayojulikana na watu wengi hivi sasa.

Baleti ya Rodeo ilitoka 1942. Appalachian Spring, iliyotungwa kwa ajili ya mchezaji Martha Graham na kuonyeshwa katika Maktaba ya Bunge jijini Washington Oktoba 30, 1944, iliandikwa kwa ala 13 pekee kwa sababu jukwaa lilikuwa dogo. Ilimpa Tuzo ya Pulitzer mwaka uliofuata. Simfoni yake ya tatu ilikamilika 1946, na mnamo 1950 akatunukiwa Oscar kwa muziki wa filamu ya The Heiress.

Hiyo ndiyo ilikuwa kilele, na ni kawaida ya kilele kuwa na upepo mkali.

Katika miaka ya 1930, kama wasanii wengi waliochukizwa na umaskini wa wakati ule, Copland alikuwa karibu na siasa za mrengo wa kushoto. Mnamo 1934 wimbo wake wa Siku ya Wafanyakazi ulishinda shindano la jarida la New Masses, na katika jimbo la Minnesota aliwahi kuhutubia mkutano wa wakulima waliounga mkono wakomunisti. Hakuna ushahidi kwamba aliwahi kuwa mwanachama wa chama hicho. Lakini baada ya vita hali ilibadilika, Marekani na Muungano wa Kisovieti zikawa mahasimu, na mambo ya zamani yakaanza kufukuliwa.

Januari 1953, Lincoln Portrait ilikuwa imepangwa kuchezwa katika tamasha la kusherehekea kuapishwa kwa Rais Dwight Eisenhower. Mbunge Fred Busbey wa Illinois alisimama kupinga, akidai kwamba mtunzi wake alikuwa na uhusiano na makundi ya kutiliwa shaka. Kazi hiyo iliondolewa. Ni ajabu kwamba muziki uliobeba maneno ya Lincoln, rais wa kwanza wa chama cha Republican, uliondolewa katika sherehe ya rais wa chama hicho hicho.

Miezi minne baadaye mambo yalizidi. Copland alipokea simu ya maandishi ikimtaka afike Washington mbele ya kamati ya Seneta Joseph McCarthy, ambaye wakati huo jina lake pekee lilitosha kumpotezea mtu kazi. Mei 26, 1953, aliketi mbele ya seneta huyo na wakili wake, Roy Cohn, katika kikao cha faragha kilichodumu saa mbili hivi.

Alikana kuwa mkomunisti. Kuhusu makundi aliyowahi kuyaunga mkono, alijibu kwa upole na tahadhari, akisema kuwa hakumbuki mengi na kwamba yeye ni mwanamuziki. Nakala za kikao hicho zilifichwa kwa miaka 50 na kuchapishwa mwaka wa 2003, na anayezisoma huona mtu mwenye woga ambaye hata hivyo hakupoteza adabu yake.

Hakuitwa tena, wala hakushtakiwa. Adhabu ilikuja kwa njia nyingine. Baadhi ya mialiko ya vyuo vikuu ilifutwa, na kwa muda pasipoti yake ikawa shida. Mtu aliyeonwa na wengi kama sauti ya nchi yake alilazimika kuthibitisha kwamba ni raia mwema.

Miaka 11 baadaye, mnamo 1964, Rais Lyndon Johnson alimvisha Nishani ya Rais ya Uhuru. Na Januari 18, 2009, siku mbili kabla ya kuapishwa kwa Barack Obama, mwana wa Mkenya mzaliwa wa Nyanza, umati ulikusanyika mbele ya mnara wa Lincoln jijini Washington. Lincoln Portrait ilichezwa hapo, msomaji akiwa mwigizaji Tom Hanks. Siku ya kiapo chenyewe, mtunzi John Williams aliutumia wimbo wa zamani wa Washaker ambao Copland ndiye aliyeufanya uvume duniani kupitia Appalachian Spring, kwa kuwa alijua rais mpya alimpenda mtunzi huyo.

Turudi katika miaka ya 1950. Mwaka mmoja baada ya kuhojiwa, Copland alitoa opera yake ya pekee ya urefu kamili, The Tender Land, ambamo wageni wawili wanatuhumiwa kwa makosa wasiyoyatenda. Watu waliona kivuli cha McCarthy humo. Aliikusudia kwa waimbaji vijana waliokuwa bado wakijifunza. Wakosoaji wa New York hawakuipenda, na alikubali kuirekebisha, lakini vyuo vya muziki viliichukua na kuitunza.

Ualimu ndio ulioenda naye sambamba maisha yake yote. Tangu 1927 alikuwa akitoa mihadhara kwa umma jijini New York, na kutokana nayo kikatoka mwaka wa 1939 kitabu kuhusu namna ya kusikiliza muziki, ambacho kimeendelea kuchapishwa kwa miongo mingi. Kuanzia 1940, alipoanza Koussevitzky kituo cha mafunzo cha Tanglewood huko Massachusetts, Copland alifunza hapo kila kiangazi kwa takriban robo karne. Watunzi vijana kutoka Amerika Kusini walipata nafasi huko kwa juhudi zake.

Aliyekuwa karibu naye zaidi kati ya vijana hao hakuwa mwanafunzi wake rasmi. Leonard Bernstein alikutana naye Novemba 14, 1937, siku ambayo Copland alikuwa akitimiza miaka 37, na hata kabla ya kumaliza chuo alikuwa akimpelekea kazi zake azikosoe. Copland alikuwa mkali kwake kuhusu utunzi. Bernstein naye alikuja kuwa kiongozi wa okestra aliyezicheza kazi za Copland kuliko mwingine yeyote.

Copland hakuoa wala hakuwa na watoto. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye pua kubwa na tabasamu la haraka, na waliomfahamu walimsifu kwa kutokuwa na makuu. Katika fani iliyojaa husuda, ni vigumu kumpata mtunzi wa zama zake ambaye hakusaidiwa naye kwa barua, kwa fedha au kwa kumtafutia mahali pa kuchezewa.

Katika miaka ya 1960 alirudi kwenye muziki mgumu. Connotations, iliyochezwa wakati wa kufunguliwa kwa ukumbi mpya wa okestra ya New York mnamo Septemba 1962, iliwashtua wageni waliovaa rasmi wakitarajia wachunga ng'ombe. Baada ya hapo chemchemi ya utunzi ilianza kukauka. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1970 alikuwa ameacha karibu kabisa kuandika, na hakulificha jambo hilo. Alisema kwa uwazi kwamba mawazo yalikuwa yamekwisha, kana kwamba mtu amefunga bomba.

Badala yake alishika fimbo ya kuongozea okestra na kuzunguka dunia akicheza kazi zake na za wenzake. Aliendelea hadi mwanzo wa miaka ya 1980, ambapo maradhi ya kupoteza kumbukumbu yalianza kumwelemea. Waliokuwa karibu naye walisimulia kwamba muziki ulikaa naye kwa muda mrefu baada ya majina na tarehe kumtoka.

Bernstein alifariki Oktoba 14, 1990. Copland alimfuata wiki saba baadaye, Desemba 2, katika hospitali iliyo North Tarrytown, New York, akiwa na umri wa miaka 90. Majivu yake yalimwagwa Tanglewood, na sehemu kubwa ya mali yake ikaenda kwenye hazina inayowasaidia watunzi na vikundi vinavyocheza muziki mpya wa Marekani. Nyumba yake iliyo Cortlandt Manor, kaskazini mwa jiji, hupokea watunzi wanaohitaji mahali tulivu pa kufanyia kazi.

Shule ya Richter ilihama kutoka kilimani mwaka wa 1984 na kuunganishwa na ile ya sanaa za maonyesho katika jengo jipya karibu na Lincoln Center, ikabeba jina la meya La Guardia. Kasri la Harlem lingali linatumika kama shule ya upili. Karatasi za An Outdoor Overture, kwa upande wake, hutolewa na wachapishaji kwa yeyote mwenye okestra, na mwanafunzi wa tarumbeta hukuta wimbo ule mrefu mahali pale pale, bila msaidizi.